Maharagwe Mgongoni mwa Kaluki

Mutindi wa Nzuki ni mama mkwe wangu, na kwa mila yetu Wakamba sitakiwi kumtazama usoni. Tukikutana njiani inabidi mmoja wetu aingie kichakani, na kwa kuwa yeye hakuumbwa kuingia kichakani, huwa naingia mimi. Kwa hiyo uso ninaoueleza hapa ni ule niliouona kabla sijamposa binti yake, nikiwa fundi kijana katika gereji moja pale Salama, bado nina ruhusa ya kumkodolea macho mtu yeyote.

Uso huo niliuona soko la Tawa, siku za soko, nikija nyumbani kumwona mama. Ulikuwa na vinundu. Vidogo kama punje za mtama kwenye paji, vikubwa kama maharagwe shingoni na mikononi, laini, visivyotoa usaha wala kuuma. Mutindi hakuvifunika. Aliuza muthokoi, mahindi aliyoyatwanga mwenyewe kwenye kinu mpaka maganda yakatoka yote, meupe kiasi kwamba wanunuzi wengi walisahau kuogopa. Wale ambao hawakusahau, aliwaita kwa majina yao.

"We mama, mbona unapita mbali hivyo? Hii kitu haishiki mtu. Njaa ndiyo inashika mtu, na wewe naona imeshakushika!"

Kisha alichota sahani yake na kula mbele yao, taratibu, huku akiwatazama. Nilimpenda mama huyo kabla sijampenda binti yake, na nasema hivyo bila haya.

Watu walikuwa na maelezo yao kuhusu vile vinundu, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Mwaka wa mafuriko, miaka miwili kabla ya Uhuru, mto uliopita katika bonde la Nzuki, baba yake Mutindi, ulifura na kung'oa mimea yote ya mpaka. Maji yalipopungua, jirani yake Kivuva akasema bonde ni lake. Nzuki akasema ni lake. Wazee walisikiliza mpaka wakachoka, kikaletwa kithitu. Asiye Mkamba nimweleze: kithitu ni kitu cha kuapia. Unakipiga kwa kijiti na kusema, kama nadanganya kinile mimi na watu wa ukoo wangu. Na hakili mtu mmoja kikashiba. Hula mmoja baada ya mwingine mpaka mwongo akiri kwa kinywa chake. Nzuki alikipiga bila mkono kutetemeka, akapewa bonde, akapanda ndizi.

Kivuva alikaa akingoja. Mwaka haukupita, kinundu cha kwanza kikaota shingoni mwa Mutindi, wakati huo msichana anayeanza kuwa mwanamke. Kikafuatwa na kingine. Kivuva hakuhitaji shahidi zaidi. Alitembea Tawa yote akisema kila kinundu ni neno moja la uongo wa Nzuki, na watu wakaanza kuvihesabu.

Sisi ni watu wa kanisa. Jumapili tunaimba kwamba kila laana imevunjwa msalabani, Jumatatu tunazunguka njia ndefu ili tusipite karibu na boma linaloliwa na kithitu. Mama yangu, Mbula, mwimbaji hodari wa kwaya ya akina mama, ndiye aliyezunguka njia ndefu kuliko wote.

Mutindi aliolewa, akamzaa Muthoki, na baada ya uzazi vinundu vikaongezeka kama vilivyonyeshewa mvua. Mume akamrudisha kwa baba yake, mtoto mgongoni. "Alinirudisha kama ng'ombe mwenye kasoro," aliwahi kuniambia, yeye ndani ya nyumba na mimi nje ya ukuta, "akasahau kwamba huyo ng'ombe ndiye alikuwa anamkamua." Alimlea Muthoki kwa kinu na mchi, na alimlea vizuri.

Mwaka uliofuata ile njaa ya themanini na nne ndipo nilipomwambia mama kwamba nataka kumwoa Muthoki.

"Musyoka, wasichana wameisha Ukambani yote?"

"Hawajaisha, mwaitu. Ni huyu nataka."

"Hiyo boma inaliwa. Unataka nikae hapa nikizika wajukuu?"

Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikwenda kwa wajomba na baba zangu wadogo. Wakakaa, wakanywa chai ya mama, wakatoa sharti. Nzuki akiri mbele ya watu kwamba aliapa uongo. Kivuva arudishiwe bonde. Achinjwe mbuzi, watu watakaswe, kiapo kivunjwe. Baada ya hapo, arusi. Bila hayo, nitafute kwingine. Tulipewa muda mpaka mavuno yaishe.

Muthoki alinisimulia kilichotokea kwao jioni ile sharti lilipofika. Mzee Nzuki alivuta kigoda chake akaketi, akasema, "Basi nitasema niliiba. Mimi nimeshazeeka. Kama neno moja la uongo litafanya mtoto aolewe, si nilitoe?"

Mutindi alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. "Baba, siku hiyo ulidanganya?"

"Sikudanganya."

"Basi hudanganyi leo." Akapiga mchi mara moja, kwa nguvu. "Ukisema uliiba, kesho Kivuva anakula ndizi, na hii mwili yangu inabaki vile iko. Halafu watasema kuna uongo ingine bado umeficha. Na hiyo utaitoa wapi?"

Mzee akaliacha neno hilo. Lakini lilibaki swali kubwa ambalo hata Mutindi hakuweza kulijibu: kama si kithitu, ni nini? Kukataa ni rahisi. Watu hawaachi maelezo waliyo nayo mpaka uwape mengine, hata kama hayo waliyo nayo ni ya kipumbavu.

Mavuno yalipokaribia, kinundu kimoja cha mgongoni, mahali mzigo wa kuni unapolalia, kilikua kufikia ukubwa wa embe dogo, kikaanza kumuuma mpaka akashindwa kutwanga. Akaenda hospitali ya misheni, Muthoki akimsindikiza. Daktari alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, asiye na haraka. Alikikata kile kinundu, na siku ya pili akarudi kumkagua mgonjwa wake kuanzia utosini hadi nyayoni. Alipomaliza akamgeukia Muthoki na kumwomba akunje mikono ya blauzi. Muthoki hakuwa na kinundu hata kimoja, ila ngozi yake ilikuwa na madoa, mapana kama jani la kunde, ya rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa nayo tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kuyaona kuwa kitu.

"Haya madoa na hivyo vinundu ni ugonjwa mmoja," daktari alisema. "Hamkurogwa na hamkuambukizwa. Mmezaliwa nao. Mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto anayemzaa anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu, kama vile shilingi ikirushwa. Ukikosa, umekosa kabisa, hata watoto wako hawataupata kwako. Mutindi, baba yako anavyo?"

"Hana hata kimoja. Ngozi yake utafikiri ni ya mtoto."

"Na mama?"

"Mama alikufa nikiwa mdogo sana. Hata sura yake siikumbuki."

"Jaribu kukumbuka. Mara nyingine ugonjwa huanza kwa mtu mwenyewe, bila kurithi. Lakini jaribu kwanza."

Mutindi alijaribu, akaambulia patupu. Mchana huo, mwanamke wa kitanda cha jirani aliletewa mtoto wake, akamfunga mgongoni kwa leso na kutembea naye wodini. Mtoto akalaza shavu, akaingiza vidole chini ya leso, akawa anachezachezea mgongo wa mama yake. Na hapo Mutindi akakumbuka. Alikumbuka shavu lake mwenyewe kwenye ngozi yenye joto, na vidole vyake vikitafuta chini ya kitambaa mpaka vinapata maharagwe. Alikuwa na harage moja alilolipenda, karibu na bega la kushoto, alilishika mpaka usingizi umchukue. Kaluki, mama yake, alikuwa na mgongo wenye maharagwe, na Mutindi mtoto alidhani kila mama mgongo wake uko hivyo.

Alicheka kwa sauti mpaka nesi akaja kumnyamazisha. Kisha akalia, kwa maana tangu mama yake azikwe hilo ndilo jambo la kwanza lake alilolikumbuka.

Aliporudi nyumbani hata hakuketi. "Baba, mama alikuwa na vinundu mgongoni?"

Nzuki akatazama chini. "Vichache. Alisema ni vya kwao."

"Na miaka hii yote umenyamaza!"

"Nani aliniuliza habari ya mgongo wa mke wangu?" mzee alisema, akiwa amekasirika sasa. "Watu wote waliniuliza habari ya bonde. Mwanamume atasimama mbele ya wazee aanze kueleza mwili wa marehemu mke wake? Kwanza nani angeniamini?"

Ndivyo tulivyo. Heshima ilimfunga mzee mdomo, na mdomo uliofungwa ukamlisha Kivuva. Lakini mzee alisema kweli kwa hilo la mwisho. Hakuna mtu angemwamini mshtakiwa. Alihitajika shahidi asiye na bonde.

Watu wa Kaluki walikuwa ng'ambo ya mto Athi, huko Kitui, upande wa Kwa Vonza. Kaluki alikufa wakati wa mvua kubwa, Athi imefura na hakuna wa kuvuka kupeleka habari, akazikwa watu wa kwao wasijue. Walipopata habari waliona wamedharauliwa, wakakata mguu. Tangu hapo hakuna aliyetoka upande huu kwenda ule. Mutindi alivaa nguo yake ya kanisani, akapanda basi mpaka Machakos, akapanda jingine la njia ya Kitui, akashuka Kwa Vonza siku ya soko bila kujua atauliza nyumba ya nani.

Hakuuliza. Upande wa mbuzi alimwona mzee ameshika kamba, na uso wa mzee ulikuwa uso wake mwenyewe: paji lile lile la punje za mtama, shingo ile ile. Mzee naye alimwona, akaachia kamba, mbuzi wakatawanyika.

"Wewe ni wa Kaluki," alisema.

"Mimi ni wa Kaluki."

"Mlimzika dada yangu kama mbwa."

"Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, mjomba. Mto ulikuwa umejaa. Njoo nikuonyeshe kaburi, ulilie vile unataka, na ukimaliza kulia nina kitu nataka kukuomba."

Mzee huyo, Ndululu, alitazama mbuzi wake waliotawanyika. Kisha akasema, "Kwanza tushike mbuzi." Wakawashika pamoja. Nyumbani kwake alimwonyesha wanawe wawili wenye vinundu, akamwambia mama yake yeye na Kaluki, yaani nyanya yake Mutindi, alikuwa navyo mpaka kwenye kope.

Siku ya kikao boma la Nzuki lilijaa. Mimi nilikuja na wazee wangu. Mama alikaa upande wa akina mama, mkoba mapajani, uso umefungwa. Kivuva alikuja na fimbo mpya, nadhani ya kupimia bonde. Mbuzi wa utakaso alikuwa amefungwa tayari kwenye mti, maana wazee wangu walijua mzee atakiri. Badala yake Mutindi alitoka nyuma ya ghala akimwongoza mzee tusiyemjua. Walikuwa wametoka kaburini, na macho ya mgeni yalikuwa mekundu.

Ndululu alivua koti. Akavua shati. Akageuka polepole ili kila mtu amwone mbele na nyuma, na akina mama wakashika midomo.

"Mimi naitwa Ndululu, kaka ya Kaluki mwenye hii boma," alisema. "Hii vinundu niko nayo kutoka nikiwa kijana, kabla ya hiyo mafuriko yenu. Mama yangu alikuwa nayo. Watoto wangu wako nayo. Dada yangu alikuja hapa kuolewa akiwa nayo. Mimi si wa ukoo wa Nzuki. Sijawahi kuona kithitu chake, wala hiyo bonde sijui iko wapi. Sasa wazee mniambie: kilinila aje?"

Kiapo cha kithitu kina sheria yake, na kila mzee pale aliijua tangu akiwa mtoto: humla aliyeapa na ukoo wake. Hakigusi ukoo wa wakwe.

Kivuva alikohoa. "Labda hata huko Kitui kuna mtu aliapa."

Mjomba wangu mkubwa, aliyekuwa anavuta ugoro, alipiga chafya na kucheka kwa pamoja. "Kivuva, keti. Kithitu cha hapa hakina nauli ya kwenda Kitui." Boma zima likaangua kicheko, na katika kicheko hicho bonde likabaki la Nzuki. Mzee hakucheka. Aliomba maji, akanywa kibuyu kizima.

Ningependa kuishia hapo, kwenye kicheko. Lakini mama yangu alisimama, na mama yangu si mjinga.

"Haya. Si kithitu," alisema. "Lakini kithitu kina mbuzi. Mbuzi akichinjwa, kinaisha. Hii yenu iko na mbuzi gani?"

Watu wakageuka kumtazama Mutindi. "Haina mbuzi," alisema.

"Na msichana?"

Nilijua kwamba angeweza kusema Muthoki ni mzima. Shingo ya Muthoki ilikuwa safi, uso safi, hakuna mtu pale angejua maana ya madoa. Nzuki mwenyewe alikuwa ameambiwa aseme uongo ili arusi iwepo, na sasa uongo mdogo zaidi ungetosha. Mutindi alimwita binti yake, akamkunjia mkono wa blauzi mpaka begani.

"Anayo. Hii madoa ndiyo alama. Watoto wake wanaweza kupata, wanaweza kukosa, nusu kwa nusu. Mimi nimekaa maisha yangu yote ndani ya uongo ya watu, Mama Musyoka. Wewe sitakupatia hata moja."

Kijana hasemi mbele ya wazee kabla hajaulizwa. Nilisema. Nilisema nimesikia yote na bado namtaka, na kwamba mimi kazi yangu ni breki na kila siku natengeneza lori la mtu bila kujua litakutana na nini huko mbele barabarani. Sijui kama ilikuwa hotuba nzuri. Mama alichukua mkoba wake akaenda nyumbani bila kuaga mtu. Arusini alikuja, na aliimba, ila chakula alikula kidogo.

Niruke mbele kidogo nieleze hilo la breki, kwa maana baadaye lilirudi kwangu kwa njia nyingine. Katika miaka ya tisini tulimpeleka binti yetu mkubwa Nairobi kuangaliwa macho, na Mutindi akaja naye. Tulikaa benchi moja tumepeana migongo, mimi na mama mkwe, mpaka wagonjwa wakatucheka. Daktari kijana alinieleza kwa nini vinundu huwa vingi mwili mzima. Kila sehemu ya mwili, alisema, ina maagizo mawili ya kuzuia nyama isiote ovyo, moja la baba na moja la mama. Nikamwambia hizo ni breki. Akasema ndiyo, breki. Mtu wa ugonjwa huu amezaliwa moja imekufa kila mahali, anatembea na moja. Ile moja ikikatika mahali fulani, hapo panaota kinundu. Ikikatika pengine, panaota kingine. Lori langu lolote lingefanya vivyo hivyo. Akaongeza kwamba wataalamu ng'ambo wamegundua mahali penyewe palipoharibika, miaka michache tu iliyopita.

"Mwambie sisi tuligundua Kwa Vonza," sauti ilisema nyuma yangu.

Lakini ninachotaka kumalizia nacho ni cha kabla ya safari hiyo. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana, na kwa desturi alipewa jina la mama yangu: Mbula. Wa pili akapewa jina la Mutindi. Yule Mutindi mdogo ngozi yake ni safi mpaka leo, kwa hiyo waliokuwa wakinong'ona kwamba ugonjwa hufuata jina walilazimika kutafuta kazi nyingine. Mwenye madoa ni Mbula.

Mama yangu ndiye aliyeyaona kwanza. Alikuwa akimwogesha wajina wake uani, mtoto bado hajafikisha mwaka, na chini ya sabuni akaliona moja ubavuni, lingine pajani, lingine. Rangi ya chai ya maziwa. Muthoki aliyekuwa akianika nguo alimwona amekaa pale, mtoto mikononi, mpaka maji yakapoa. Alimkausha mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka.

Ilikuwa siku ya soko. Mama yangu, aliyekuwa hodari wa njia ndefu, alishika ile fupi. Alipita katikati ya soko la Tawa mpaka kwenye gunia la muthokoi, akasimama mbele ya Mutindi. Muthoki, aliyemfuata mbio bila viatu, ndiye aliyeniambia yaliyosemwa.

"Huyu Mbula wangu anayo," mama alisema. "Wewe umeishi nayo. Niambie niangalie nini. Niambie yote."

Mutindi aliinuka. Hakusema pole, na hakusema nilikuambia. Alimfungua mtoto mgongoni mwa mama yangu, akamfunga kwenye mgongo wake mwenyewe, akateremsha leso kidogo ili ngozi ibaki wazi.

"Nitakuambia yote," alisema. "Lakini wacha aguse kwanza."

Mtoto alilaza shavu. Vidole vyake vikatafuta, vikapata harage moja karibu na bega, vikalishika.

"Mimi ilibidi nivuke Athi kuuliza hii kitu ilitoka wapi," Mutindi alimwambia mama yangu, akivuta kigoda cha pili ili naye akae. "Huyu hatahitaji kuuliza mtu."